Makofi Katikati ya Mto

Jenerosa mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko jikoni anakukaangia migebuka ya safari kana kwamba Kibondo hakuna samaki. Nina saa mbili, labda na nusu, maana mwalimu wenu wa kwaya anapenda kuhutubia kuliko hata mimi. Nataka nimalize kuandika kabla hujarudi. Ukiwa mbele yangu nitaongea, na nikiongea nitashinda, na jambo hili sitaki kulishinda.

Habari za neti, sweta, maji ya kuchemsha na mwenye nyumba wa kumwamini ameshakuambia mama yako mara tatu, na kesho stendi atakuambia ya nne. Siongezi. Mimi nakuandikia juu ya maji ya mto.

Wiki mbili zilizopita ulitusomea barua yako ya kazi hapa mezani. Ulipofika pale pasemapo kwamba utapewa pikipiki ya magurudumu manne, ya kufikishia chanjo vijiji ambavyo masika gari haliingii, mama yako alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Wewe ukanigeukia, ukacheka kidogo, ukasema, "Basi Baba utanifundisha kuvuka maji bila chombo kunizimikia."

Unakumbuka nilivyokujibu. Nilikuhutubia juu ya madaraja. Nilisema kumpa muuguzi pikipiki ya kuvukia mto badala ya kumjengea daraja ni kukiri kwa maandishi kwamba umeshindwa kazi. Nikapita kwenye barabara, nikaingia kwenye bajeti, nikatokea kwenye ahadi za kila uchaguzi. Mama yako akasema, "Mtoto kaulizia maji, wewe unampa bajeti!" Sikunyamaza. Na kila nililosema lilikuwa kweli, Jene, hata leo nalitetea. Lakini nililisema ili nikukimbie.

Wewe ukakusanya sahani. Niliuona uso wako ulipokuwa unainama kuchukua ile ya mwisho, na niliutambua. Ni uso uleule uliokuwa nao ukiwa na miaka kumi na mmoja, siku ile mbele ya msimamizi wa mradi. Tangu siku hiyo hadi leo ni miaka kumi na mitatu, na hatujawahi kulitaja jambo lile, mimi na wewe, hata kwa mzaha.

Acha nilitaje mimi.

Unamkumbuka Chura, ile pikipiki yetu ya magurudumu manne. Ni wanafunzi wangu wa Makere waliompa jina hilo, kwa sababu alikuwa wa kijani, mfupi, mwenye macho makubwa mbele, na alipowaka alitingishika kabla ya kuruka. Mradi wa vitabu ulituazima, nami nikamfungia nyuma masanduku mawili ya mbao, na Jumamosi nilikuwa nazungusha vitabu shule za msingi, Kitanga wiki hii, Rungwe Mpya wiki ijayo. Nimefanya mambo mengi yenye kelele maishani, lakini lile lilikuwa jema kuliko yote. Wewe ulikaa katikati ya masanduku hayo kama malkia, ukiwa na daftari la kuandika nani kaazima nini. Watoto walikuwa wanakuogopa wewe kuliko mimi.

Fundi wa Chura alikuwa Byamungu, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, yule mrefu aliyekuwa anaimba huku anafungua nati. Alikuwa na kibali cha kutoka kambini siku mbili kwa wiki kuja kutengeneza vyombo vya mradi. Kabla ya masika alimhudumia Chura kutwa nzima, na alipomaliza aliniita pembeni. "Mwalimu," akasema, "huyu mnyama ndani ya maji anatafuta kitu moja tu, kidole yako. Kidole gumba ikibonyeza mafuta, anatembea. Ukiachia, amekufa. Na akikufa, usimulazimishe. Umusukume inje kwanza." Nilimjibu, "Fundi, mimi nimesoma." Alicheka, akafuta mikono. Alidhani natania.

Jumamosi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ule mto mdogo kabla ya Kitanga ulikuwa umepanda hadi magotini, mwekundu, na kwenye maji tulivu ya pembeni kina mama walikuwa wanaopoa muhogo waliouloweka. Harufu yake unaijua. Niliingia vizuri. Ukweli niseme: niliingia vizuri kabisa. Gia ndogo, mwendo wa taratibu, maji yakafanya wimbi dogo mbele ya tairi na sisi tukalifuata nyuma kama tunasindikizwa. Tulikuwa katikati hasa aliposimama Bibi Skolastika na kikapu chake cha muhogo, akainama, akapiga makofi ya salamu, akaita, "Mwakeye, mwalimu!"

Sasa wewe niambie, Muha gani anaamkiwa kwa makofi na mama wa umri ule, halafu anapita akiwa ameshika usukani? Mimi nimewasema watu wakubwa hadharani, nimeandika makala zilizowanyima usingizi, lakini sikuweza kumpita Bibi Skolastika bila kumrudishia. Nikainua mikono yote miwili. Nikapiga makofi matatu, nikainamisha kichwa, nikasema mwakeye, habari za nyumbani, habari za wajukuu. Adabu kamili, ya kitabu.

Kidole kilikuwa kimetoka kwenye mafuta. Chura akakohoa mara moja, akanyamaza.

Wimbi tulilokuwa tunalifuata likaenda zake, na maji ya nyuma yakatufikia, yakapanda mpaka kwenye kiti. Bomba la moshi likawa chini ya maji. Kina mama wakaanza.

"Mwalimu, chura wako kanywa pombe ya lubisi?"

"Hajui kuogelea huyo!"

"Msomee kitabu, mwalimu, labda ataamka!"

Hawakuwa wabaya. Mmoja alikwishakunja kitenge aje kusukuma. Bibi Skolastika mwenyewe alisema, "Subirini, tumtoe nje, ni chombo cha watoto." Wewe ulikuwa umekumbatia sanduku, na ukasema, nakunukuu kwa sababu nimelisikia neno hilo miaka kumi na mitatu, "Baba, Fundi alisema tumsukume kwanza."

Mimi nikabonyeza stata.

Nikabonyeza tena. Walipozidi kucheka nikabonyeza kwa nguvu zaidi, utadhani chuma kinajua hasira. Mara ya nne au ya tano ikatoka sauti ile: ko! Sauti kavu, moja, kama mtu amevunja mfupa wa ng'ombe. Uliisikia. Uliniangalia. Nikasema, "Fundi ameharibu." Nilisema hapohapo, mwanangu, nikiwa bado nimekaa juu ya kile kiti, maji yamejaa viatuni. Sikuhitaji hata kufikiri. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, kama ambavyo maneno yangu huwa tayari siku zote.

Jumatatu nikaandika. Unajua ninavyoandika nikiwa na hasira, na unajua watu wanavyonisoma. Lile gazeti la mkoa, ambalo siku hizi halipo, lilinipa ukurasa mzima. "Mafundi wa Kubahatisha na Kifo cha Maktaba Yetu." Niliwauliza wakubwa wanawezaje kukabidhi mali ya watoto wetu kwa mtu asiye na cheti. Sikutaja jina, nikajiona muungwana. Kana kwamba Makere palikuwa na mafundi kumi wa Chura.

Alhamisi msimamizi wa mradi akaja nyumbani, kijana mpole kutoka Iringa. Alikaa pale ulipokaa wewe wiki mbili zilizopita. Akaniuliza hili na lile, nikajibu. Kisha akakugeukia wewe kwa upole, maana alisikia ulikuwepo, akauliza, "Eti mdogo wangu, kabla ya kufika mtoni chombo kilikuwa na shida yoyote?"

Uliniangalia. Mimi niliangalia dirishani.

Ukasema, "Kilikuwa kinakohoa tangu nyumbani."

Sikukutuma, hilo nililishikilia kama ngao. Kwa miaka mingi nilijiambia, sikumtuma mtoto. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja anasoma shingo ya baba yake kama kitabu. Shingo yangu ilikuwa imekuomba, ukaisikia, ukanipa.

Na kijana yule alipoondoka nilifanya kitu kibaya kuliko kunyamaza. Nilikushika kichwa nikasema, "Una akili sana."

Nimekusifu mara nyingi kabla na baada ya hapo, kwa mitihani, kwa uimbaji, kwa kumaliza chuo. Ile ndiyo sifa ambayo ningeirudisha kama sifa zinarudishwa. Juma lililofuata mradi uliniazima baiskeli, nikakuambia panda twende na vitabu vichache. Ukasema una kazi za shule. Ukasema hivyo kila Jumamosi mpaka nikaacha kukuuliza. Nilikasirika na wewe, Jene! Nilikuona mtoto aliyekua akaona aibu kupanda baiskeli ya baba. Mimi, mtu aliyesoma vitabu vyote hivi.

Byamungu alinyang'anywa kibali. Nilisikia, nikasema moyoni kwamba ni utaratibu.

Sasa nikueleze kilichotokea kati ya siku ile ya sahani na leo. Alhamisi nilipokuambia naenda Makere kwenye kikao cha wastaafu, hakukuwa na kikao. Nilipeleka ujumbe kambini kwa mtu anayeuza mikate, na Byamungu akaja tukaonana kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Bado mrefu. Ndevu zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimejiandaa kama ninavyojiandaa kwa mjadala, hoja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakunipa nafasi.

"Karibu, Mwalimu. Nilijua utakuya siku moja. Nilizania utakuya mbio kidogo kuliko hivi."

Nikamwambia, "Fundi, Chura hakufa kwa ajili yako."

"Mi nilijua," akasema. "Walinipa nimufungue. Mukono ya pistoni ilikuwa imepinda hivi." Akakunja kijiko cha chai mbele yangu, polepole, mpaka kikawa kama ndoana. Mwenye kibanda akapiga kelele, yeye hakumtazama. "Hii haipindake ya yenyewe. Maji haibanike, Mwalimu. Moteri ikikunywa maji na mutu anaendelea kupiga stata, pistoni inapanda, inakuta maji, haina pa kwenda. Chuma njo inakubali kupinda. Moteri haisemake uongo. Inaandika yote mule ndani."

"Mbona hukusema?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia swali la mtoto. "Niseme kwa nani? Weye ulikuwa na gazeti. Mi nilikuwa na spana."

Nimejibiwa na watu wengi, mwanangu. Mawakili, wabunge, maaskofu. Hakuna aliyewahi kunijibu hivyo. Tulikunywa chai. Akaniambia, bila kulalamika, "Nilikuwa fundi wa moteri. Nikakuwa fundi wa baiskeli." Kisha akaniuliza jambo ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu leo.

"Na ule mtoto?"

Nikasema umekuwa mkubwa, muuguzi, unakwenda Kibondo.

"Walinisomea ushahidi yake. Ati ilikuwa inakohoa. Ule mtoto alikuwa ananiletea bujii, ile munaita plagi, moja moja kwenye sahani, anazipanga kama vikombe. Alinijua. Mi nilisema, huyu mtoto hakusema haya, amebebeshwa. Miaka yote weye sikukuhurumia, uko mukubwa, utajibebea. Lakini ule mtoto... Ulishamutua?"

Nikasema hapana.

"Basi kwanza umutue. Mi nitangoja."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Bado. Uliandika paji mzima ya kunichafua. Ya kunisafisha uandike mistari ngapi?" Nikasema ukurasa mzima. "Tutaiona," akasema, akamlipa mwenye kibanda bei ya kijiko.

Nimeuandika, umejaa pande zote mbili. Gazeti limekufa, kwa hiyo nimetoa nakala pale mjini, moja nimeibandika kwenye ubao wa ofisi ya kata Makere, moja iko kwenye kibanda kile cha chai, moja nimempelekea yule kijana wa Iringa ambaye sasa naye ni mtu mzima. Jana nimeutuma kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Kule walikuwa wananiogopa; leo asubuhi mmoja ameandika, "Kumbe na wewe." Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikaweka simu chini. Mama yako ameusoma leo baada ya misa. Alikwenda kukaanga samaki, na kutokana na jinsi anavyogonga masufuria najua bado ana maneno na mimi.

Ukurasa ule hautaji jina lako. Nimeandika kwamba palikuwa na mtoto na kwamba baba yake alimwachia mzigo wake. Hiyo ndiyo sentensi niliyoichelewesha kuliko zote. Nimesoma vitabu vingi vya watu waliokiri makosa yao, Jene, na wengi wanakiri kwa ufasaha mno, mpaka kosa linageuka nishani kifuani. Ukiona popote hapa nimejipamba, pafute.

Kwa hiyo nasema wazi, ili usihitaji kuisoma shingo yangu tena. Uongo ule ulikuwa wangu. Wewe ulikuwa mtoto aliyempenda baba yake. Byamungu anakusalimu na anasema hana neno na wewe, hajawahi kuwa nalo. Utue.

Sasa ndipo naweza kukujibu ulichoniuliza. Haya si maarifa yangu, ni yake. Alinieleza kwenye kibanda kile kwa kutumia sahani ya chai na kipande cha andazi, nikawa naandika kama mwanafunzi, na safari hii sikumwambia kwamba nimesoma.

Ukifika mtoni, zima chombo, shuka. Vuka kwanza kwa miguu yako na fimbo, hata kama umechelewa, hata kama wanakijiji wanakuambia hapo tunapita kila siku. Wanapita wao, hawapiti na pikipiki. Maji yakizidi pale unapokanyagia miguu ukiwa umekaa, au yakiwa na kasi ya kukusukuma goti, rudi. Byamungu alilirudia hili mara mbili: hakuna kinachozamisha chombo mtoni kama dereva anayeona aibu kurudi. Utakuwa na kisanduku cha chanjo nyuma na akina mama wanangoja ng'ambo na watoto mgongoni. Itakuuma. Rudi hata hivyo, uwaite wavuke kwa daraja la mti wakufuate, au ungoje maji yashuke. Chanjo iliyozama haimkingi mtu.

Ujue chombo chako kinavutia hewa wapi. Siku ya kwanza kabisa, kabla hujajua choo kiko wapi, mwambie fundi wa huko akuonyeshe. Mdomo huo ndio uhai wako. Maji yasiufikie.

Tia gia ndogo ukiwa bado nchi kavu, usibadilishe ndani. Ingia polepole. Vijana wa bodaboda watakuambia uingie kwa kasi ili uwahi kutoka. Wanapenda maji yaruke kwa sababu yanapendeza kwenye simu. Maji yanayoruka ndiyo yanayoingia mdomoni. Ukiingia taratibu utaona wimbi dogo linajitengeneza mbele yako. Lifuate kwa mwendo wake, usilipite wala usiliache likuache. Kidole gumba kibaki palepale, kisipungue wala kisiongezeke. Usitazame maji, yatakuzungusha kichwa. Tazama pale unapotaka kutokea.

Na usiachie mafuta. Hata maji yakupige kifuani, hata uogope. Hofu inataka uachie kidole. Nilidhani mimi ni adabu iliyoniachisha, lakini nimefikiri sana tangu Alhamisi, nadhani nilitaka pia kina mama wale waone jinsi mwalimu anavyosalimia akiwa juu ya chombo chake.

Kikizimika, na kuna siku kitazimika, usiguse stata. Utataka sana kuigusa. Kidole kitakuwasha. Watu watakuwa wanacheka ukingoni, au wanakuhurumia, na kuhurumiwa ni kubaya zaidi. Usiguse. Tia gia huru, shuka majini, ukubali kulowa, uombe mkono, usukume mpaka nje. Kisha ufungue kichujio cha hewa uone kama kimelowa, ufungue plagi, ndipo uzungushe injini ikiwa wazi ili iteme ilichokunywa. Itatema, utashangaa, kama mtoto aliyepaliwa. Angalia na oili. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, usiwashe kabisa, mwite fundi. Na ukishatoka salama, breki zitakuwa zimelowa, zibonyeze kidogokidogo huku unatembea mpaka zikauke kabla ya kushuka mlima wowote.

Byamungu amekupa spana yake ya plagi. Iko kwenye mfuko wa nje wa begi lako, imefungwa kitambaa cha bluu. Mpini ameutengeneza mwenyewe kwa mti wa mpera. Alisema, "Umupe ule mtoto. Atakumbuka namna ya kupanga bujii." Nilitaka kukupa kwa mkono wangu, nikaona si haki, siyo mimi niliyeitoa.

Mimi sina cha kukupa kinacholingana nayo. Utakwenda kazini na utakutana na watu wanaopiga kelele kama baba yako. Utawajua upesi, umekulia kwao. Wengine watakuwa wanasema kweli. Mtu anaweza kusema kweli maisha yake yote juu ya madaraja na akadanganya mara moja tu mezani kwake, na ile mara moja ikawa ndiyo iliyomlea mtoto. Siku ukijikuta uko juu ya kiti, maji viatuni, na maneno yako tayari mdomoni, nyamaza kidogo, ujiulize nani amekuambia tusukume kwanza. Mara nyingi ni mtu asiye na gazeti.

Bado jambo moja. Kibondo nako watu wanasalimia. Utakuwa katikati ya mto siku moja na atasimama mama mmoja na kikapu chake, atakupigia makofi, na mwili wako wote utataka kumrudishia kwa mikono miwili, maana hivyo ndivyo tulivyokulea. Usiachie. Itikia kwa kichwa tu, kwa sauti tu, vuka. Lakini ukishafika ng'ambo, Jene, usiende zako. Zima chombo. Shuka. Rudi kwa miguu mpaka ukingoni pa maji, simama pale akuone, ndipo upige makofi yako yote, umwulize habari za nyumbani na za wajukuu mmoja mmoja. Salamu iliyochelewa si salamu iliyokataliwa, almradi mtu amerudi.

Nasikia mlango wa uani. Mama yako anakuuliza kama kwaya imekuimbia, na wewe unacheka.

Kwetu mtoto ndiye anayeanza kumwamkia mzazi, unajua, na sijawahi kuona ikiwa vinginevyo. Kesho alfajiri, kabla hujashika begi, utatoka kuja kuniamkia kama kila siku, na utanikuta nimeshasimama mlangoni. Usishangae, na usinitangulie. Nimechukua miaka kumi na mitatu kurudi ukingoni. Niachie nianze mimi, kwa mikono yote miwili.

Mwakeye, mwanangu.

Baba yako